Lakini Tatu za Madamu Asma

Madamu Asma alifika shuleni kwetu siku ya Jumanne, wiki ya pili ya Septemba, amebanwa nyuma ya pikipiki kati ya dereva na mfuko wa sukari usiokuwa wake. Alikuwa ametoka Kasongo kabla ya jua, na alipofika huku kwetu, upande wa Wamaza, watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani. Matope yalimfika magotini. Alishuka, akasimama kidogo mpaka miguu ikubali kazi, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, kisha akauliza choo kiko wapi. Nilimpenda hapo hapo. Halafu baadaye kwa karibu mwezi mzima nikaacha kumpenda, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kusimulia. Mimi naitwa Odile, nafundisha mwaka wa tatu, na katika mambo yaliyompata yule binti mwaka ule, mengi yalitoka mkononi mwangu.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yake, mzee Mahamudu, anauza vitenge na sabuni soko la Kasongo, na alitaka mtoto wake afundishe palepale mjini, karibu na mama yake. Lakini mjini hapakuwa na nafasi. Nafasi ilikuwa kwetu, mwaka wa tano, kwa sababu mwalimu aliyekuwa nao aliacha chaki akaenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi. Basi Asma akaja na diploma yake ya ualimu, sanduku moja, mkeka wa kuswalia, na ramani kubwa ya Kongo aliyoikunja ndani ya plastiki na kuishika njia nzima mapajani kama mtoto mchanga.

Tulimpokea vizuri. Tulimpatia chumba kwa mjane mmoja, mama Clémentine. Heri, mwalimu wa wadogo, akamtengenezea kufuli ya mlango. Mimi nikampelekea sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, yenye mawese na karanga. Direkta wetu, mkuu wa shule, Kamaldine, alifurahi kwamba Ramadhani ikifika hatafunga peke yake tena. Naye Metre Michel, mwalimu wa mwaka wa sita, akamwandikia ratiba ya masomo ya juma zima kwenye karatasi kubwa, kwa mwandiko wake, akaibandika mwenyewe ukutani mwa darasa la Asma.

Ni lazima niseme kidogo juu ya mwandiko huo. Metre Michel ana miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo ameimaliza mbele ya ubao. Nusu ya watu wazima wa huku kwetu walijifunza herufi kwake, mimi pia. Herufi zake zinasimama zote wima kama watu waliovaa nguo za sikukuu, na yeye anajua hivyo. Akimaliza kuandika tarehe ubaoni anarudi nyuma hatua mbili, anaitazama. Tunamcheka kwa hilo, hata mbele yake, na yeye anakubali kuchekwa.

Lakini Metre Michel alikuwa hasikii. Miaka ya vita, alipokuwa amejificha porini na familia yake, alipatwa na malaria kali, akatundikiwa kinini chupa baada ya chupa. Akapona. Ila masikio yakaanza kulia kama nyenje wa jioni, na kila mwaka sauti za watu zikazidi kwenda mbali. Serikali haijamstaafisha bado, na hata ingetaka, nani mwingine angeuchukua mwaka wa sita? Basi sisi tukazoea. Hakuna siku tuliyokaa tukapanga. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa. Heri akishaigonga, anapita mbele ya dirisha la Metre Michel kana kwamba ana safari yake. Direkta akisema neno mkutanoni, anakaa akimtazama Metre usoni ili midomo isomeke. Mgeni akija, mmoja wetu anajibu kabla yake. Tulimzungushia ua, na tulijiona watu wema sana.

Jambo ambalo hatukulitazama ni watoto. Binti yangu Feza alikuwa mwaka wa sita mwaka ule. Jioni moja, anaosha sahani, akaniambia, "Mama, kwa Metre Michel tunajibu chochote. Kuna siku mtu amesema mbuzi, Metre akasema vema."

Nilimwambia anyamaze, mtu mzima hachekwi. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu Juni yake mtoto huyo alikuwa na mtihani wa taifa.

Sasa, kati ya darasa la tano na la sita hakuna ukuta wa matofali. Kuna matete yaliyokandikwa udongo, na juu udongo umeanguka. Madamu Asma akifundisha upande wake, anasikia kila neno la upande wa pili. Wiki tano alisikia. Alidhani Metre Michel ni mzembe. Alidhani, aliniambia baadaye, kwamba mzee amechoka na anangoja siku zipite, na alikuwa akiumia, kwa sababu kila asubuhi aliitazama ile ratiba ukutani kwake na hakuelewa namna gani mkono ule na uzembe ule vinakaa katika mtu mmoja.

Kwetu, Alhamisi moja kila mwezi, watoto wakitoka, tunabakiza darasa moja na mwalimu mmoja anatoa somo la mfano. Wengine tunakaa nyuma na madaftari. Baadaye tunajadili, na karani wa mkutano anaandika katika daftari la shule ambalo inspekta hulisoma akija. Karani nilikuwa mimi. Oktoba ilikuwa zamu ya Metre Michel.

Alifundisha vizuri kama kawaida, ubao safi, ramani amechora kwa chaki mbili. Akauliza, "Mto gani unapita Kindu?" Mtoto akajibu, "Luama." Metre akasema, "Vema." Midomo ya Luama na midomo ya Lualaba haitofautiani sana ukiitazama. Akauliza sita mara tisa; akajibiwa hamsini na sita; akasema vema. Nyuma tulikuwa tunatazama madaftari yetu.

Watoto wakaenda. Direkta akafungua mazungumzo. Heri akasema mwandiko ulikuwa safi. Mimi nikasema somo limefuata hatua zote. Ndipo Madamu Asma akasimama. Alisimama wima, kama walivyomfundisha chuoni, daftari mkononi.

"Asante kwa somo," alisema. "Mimi nimehesabu jibu nne za makosa, na Metre amezikubali zote. Kila siku iko vile, nasikia toka kwangu. Batoto banajua, banacheza naye. Kama Metre hasikii, juu ya nini hakuna mutu anasema?"

Kuku wa jirani aliingia mlangoni, akatoka. Direkta akapanga karatasi zake, akasema mkutano umefungwa, tuonane kesho. Metre Michel alikuwa amekaa mbele ya yule binti, mita mbili. Akainuka, akafuta ubao wake polepole kutoka juu mpaka chini, akavaa kofia, akaenda zake.

Niliandika katika daftari: *Somo lilikuwa zuri. Washiriki walipongeza mwandiko.* Asma alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Madamu Odile, haukuandika maneno yangu."

"Maneno gani?"

"Yale nimesema."

Nikafunga daftari. "Kwenu Kasongo," nikamwambia, "mutu anavuliwa nguo mbele ya bantu namna hii? Yule mzee amenifundisha mimi kushika kalamu. Wewe uko hapa wiki tano."

Hakurudi nyuma. "Batoto makumi mbili na nane batafanya mutihani," akasema. "Nani atabasikia?"

Nikatia daftari la shule kwapani, nikaenda zangu. Kuanzia kesho yake nikamnunia. Heri akanifuata, kwa sababu Heri hufuata. Tulimsalimia, ndiyo, salamu haikatwi, lakini tulimsalimia kama mtu anavyolipa kodi. Mapumziko tulikula mihogo yetu upande mmoja wa ofisi, naye akala upande wa pili akijifanya anasahihisha madaftari. Sombe sikupeleka tena. Hata nilipomwona anahangaika na kuni mbichi kwa mama Clémentine, nikapita. Yeye kila asubuhi alitusalimia kwa majina yote, "Jambo Madamu Odile, jambo Metre Heri," kwa sauti ileile, na hilo lilizidi kunikera.

Mwisho wa mwezi nikaona jambo nisilolielewa. Saa ya mapumziko Madamu Asma hakuja ofisini. Nilichungulia nikamwona ndani ya darasa la sita, amekaa kwenye dawati la kwanza kama mwanafunzi, na Metre Michel amekaa mbele yake. Wanaongea. Binti anasema polepole, uso ameuinua. Mzee anaitikia kwa kichwa. Kesho yake tena. Nikajiambia, huyu mtoto wa mfanyabiashara ameshajua kumzunguka mzee. Nikanuna mara mbili.

Huku kwetu Jumamosi walimu tunalimiana kwa zamu. Leo shamba la huyu, juma lijalo shamba la yule. Novemba zamu ilifika kwangu, kupalilia karanga. Asma hatukumwambia. Lakini mama Clémentine alimwambia, na saa moja asubuhi tukamwona anakuja njiani na jembe la kuazima, kilemba chake cha rangi ya waridi, viatu vya plastiki, na chupa ya maji.

"Jambo yenu," akasema. "Nimekuja."

Sikuweza kumfukuza mtu aliyeshika jembe. Nikamwonyesha mstari wa mbali, kule mwisho, tusionane. Tukaendelea na kazi. Baada ya muda nikainua kichwa na nikaona kipande cha shamba langu ni cheupe kama ua uliofagiwa. Palibaki mistari miwili ya majani marefu ya kijani, yamesimama vizuri, na udongo umepigwa kando yake kwa uangalifu. Karanga zangu zilikuwa zimelala juu ya lundo, mizizi juani.

Nikaenda. Heri nyuma yangu alikuwa amegeuka upande, mabega yanamcheza.

"Madamu Asma," nikasema. "Hii umetupa ni nini?"

"Majani."

"Hii ni karanga. Na hii umeacha ni majani."

Aliutazama mkono wake, akatazama lundo, akatazama ile mistari miwili aliyoipendelea. Uso ukamlegea.

"Kwetu karanga iko mu gunia," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimepanga kucheka, kicheko kilitoka kama mtu aliyesukumwa. Heri naye akaanguka. Nilipofuta macho nikaona Asma analia. Si karanga alizokuwa analilia. Alilia akiwa amesimama, jembe mkononi, bila sauti, mpaka Heri akaona haya akaenda kutafuta maji ambayo hatukuyahitaji.

Nikamvuta tukakaa pembeni ya shamba. Nilimpa ncha ya kitenge changu afute uso. Baadaye akafungua fundo la nguo yake kiunoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nilimuandikia Metre Michel barua," akasema. "Ya kuomba musamaha. Ona."

Ilikuwa barua yake, kwa kalamu ya bluu. Na juu yake, kwa kalamu nyekundu, ulikuwa mkono nisioweza kuukosea. Mzee alikuwa ameisahihisha. Mstari wa kwanza Asma aliandika: *Naomba unisamehe kwa yale niliyosema mkutanoni, lakini nilisema kweli.* Neno *lakini* lilikuwa limezungushiwa duara jekundu. Chini zaidi: *Sikutaka kukuaibisha, lakini nilifikiria watoto.* Duara. *Nakuheshimu kama baba yangu, lakini kazi ni kazi.* Duara la tatu, hili limezungushwa mara mbili. Makosa mawili ya herufi kubwa nayo yalipigwa mstari. Mwisho wa karatasi: *6/10. Mwandiko unapanda mlima. Toa lakini tatu, uandike upya.*

"Ukaandika upya?"

"Niliandika upya. Ikabaki mustari mumoja." Akatabasamu kidogo, macho bado mekundu. "Akanipa tisa. Aliandika kwake hakuna mutu anapata kumi. Na chini yake: njoo saa ya mapumziko."

Basi akanihadithia. Alipokwenda, Metre Michel alimwambia akae mahali penye mwanga, aseme taratibu, asifunike mdomo. Akamwambia kwamba siku ile ya mkutano alikuwa ameyasoma maneno yote midomoni mwake. Hakuna alilokosa.

"Nilikasirika siku tatu," mzee alimwambia. "Siku ya ine nikajiuliza, nimekasirikia nani. Miaka yote hii nilikuwa naogopa mutu aseme. Na nilikuwa naona bibaya kwamba hakuna anayesema. Sasa niambie. Batoto banasema nini ndani ya darasa yangu?"

"Ukamwambia?" nikauliza.

"Yote."

"Hata ile ya mbuzi?"

Asma alinitazama. "Hata mbuzi. Alitaka kujua ni mutoto gani. Nikamwambia sikuona uso, nilikuwa upande wangu."

Alisema hivyo akichezea majani ya karanga, bila kuniangalia tena. Na mimi nikaelewa. Sauti ya Feza wangu ni nene, inajulikana hata njiani. Binti huyu niliyemnyima sombe wiki nne alikuwa amemjua mtoto wangu tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameficha.

Tulirudisha ardhini karanga zilizokuwa bado na uhai. Nyingi zilikufa. Jioni nilimshika Feza mkono nikampeleka kwa Metre Michel, akasema mwenyewe alichofanya, mbele ya uso wake ili mzee aone. Metre hakumgombeza. Alimwambia aandike mito yote ya jimbo la Maniema mara ishirini, herufi zisimame. Feza alimaliza na taa.

Desemba, kabla ya likizo, tulikaa tena mkutano. Metre Michel na Madamu Asma walikuwa na ombi. Asma achukue somo la imla, la kusoma kwa sauti na la mazungumzo ya Kifaransa katika mwaka wa sita. Metre achukue hesabu na mwandiko katika mwaka wa tano. Watabadilishana madarasa kila siku kwa saa zilizopangwa. Ratiba ilikuwa tayari, na mwandiko ulijulikana ni wa nani.

Direkta wetu ni mtu mwema anayeogopa karatasi. Aligeuza ratiba, akaitazama mgongoni kana kwamba ruhusa inaweza kuwa imeandikwa huko. "Inspekta atauliza sababu," akasema. "Nitamwambia sababu gani? Katika daftari hakuna kitu. Daftari linasema kila kitu iko muzuri."

Wote wakanitazama, na mimi nikatazama meza.

"Odile," Metre Michel akasema. Yeye haniiti Madamu. Aliniita Odile nikiwa sina meno ya mbele. "Andika. Mwalimu wa mwaka wa sita masikio yake hayafanyi kazi. Andika na jina yangu. Halafu andika kwamba Madamu Asma alisema hivyo mwezi wa kumi, na hamukuandika."

Niliandika. Mwandiko ulitoka mbaya, naye akanyoosha shingo kuutazama na nikajua umemuumiza kuliko maneno. Kisha akamgeukia Kamaldine.

"Direkta, umenichunga miaka sita. Aksanti. Nilikuwa naona. Sasa inatosha, tufanye kazi."

Kamaldine alivua kofia yake, akaivaa tena, akatia sahihi. Inspekta alipokuja Machi alisoma ukurasa ule kwa muda mrefu. Akasema pambizo la daftari ni jembamba mno, nilifanye sentimita tatu. Akatia mhuri. Hakuongeza neno.

Sitaki mtu afikirie kwamba kuanzia Januari mambo yalikuwa asali. Metre Michel alilalamika kwamba Asma anaongea haraka kama mtu anayekimbia mvua. Asma alilalamika kwamba mzee anamaliza chaki za darasa lake kwa mapambo. Juu ya fimbo waligombana wiki nzima. Metre alikuwa na fimbo yake ya zamani, naye Asma hakutaka iingie mwaka wa tano. Waliandikiana vijibarua wakapitishiana kwenye tundu la matete, na sisi tulijua vita iko wapi kwa kutazama nyuso za watoto wanaokaa karibu na tundu. Mwisho fimbo ilichomekwa darini. Sijui nani alishinda. Iko huko mpaka leo, imeota utando wa buibui.

Lakini kuna kitu Metre alichomfundisha Asma ambacho chuoni hawakumfundisha. Mtu asiyesikia anatazama. Metre Michel alimfundisha kuandika ubaoni akiwa amesimama upande, asiwape watoto mgongo mzima. Alimwambia, "Usitazame midomo, midomo itakudanganya, batoto bote banasema ndiyo. Tazama miguu." Na ni kweli. Nilijaribu mwenyewe katika mwaka wa tatu. Mtoto ambaye hajaelewa hutikisa kichwa ndiyo, ndiyo, na chini ya dawati kidole gumba kinachimba udongo. Miaka kumi na moja nimefundisha na sikuwahi kutazama chini ya madawati ila kutafuta kalamu iliyoanguka.

Ramadhani ilipofika, saa ya mwisho Metre aliwaunganisha tano na sita, akawafundisha wote kuandika, Asma akapumzika kivulini na Direkta. Ijumaa Kuu Asma akashika madarasa yote mawili, nasi tukaenda kanisani. Hakuna aliyemwomba mwenzake. Ilitokea hivyo tu. Na siku moja, sikumbuki ilikuwa lini, Asma aliniita Yaya Odile, yaani dada mkubwa, badala ya Madamu. Nikajifanya sikusikia.

Mtihani ulikuja. Watoto ishirini na wanane, wakapita ishirini na watatu. Feza alipata asilimia sitini na moja, na katika imla hakukosa ila maneno manne. Kwa wale watano walioanguka, Madamu Asma alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa na wazazi, akaeleza mtoto ana nguvu wapi na wapi hana. Baba mmoja alimfokea. Alirudi ameinama, akala kwangu, akalala kwangu siku hiyo.

Julai alimchukua Metre Michel kwenda Kasongo, daktari amtazame masikio. Pikipiki mbili, siku nzima. Walifikia kwa mzee Mahamudu. Daktari aliyatazama, akayaosha, akasema mshipa wa ndani umekufa, hakuna dawa. Metre alisema ameshajua, alikuja kwa sababu binti alitaka, na pia kwa sababu alikuwa hajaona Kasongo miaka tisa. Siku ya pili mzee Mahamudu alimkalisha dukani, akampa chai, kisha akamwambia binti yake mbele ya mgeni kwamba kuna shule moja mjini inatafuta mwalimu, ameshaongea na watu.

Asma aliniambia duka lilikuwa limejaa. Metre Michel alikuwa ameyaona maneno ya baba mdomoni. Akaweka kikombe chini, akasema kwa ile sauti yake kubwa, kwa sababu hajui tena kuipima, "Mahamudu, mutoto wako amenisahihisha mimi. Hapa mujini atasahihisha nani?"

Wateja walicheka. Mzee Mahamudu hakucheka. Alimtazama binti yake, akamwuliza kwa upole, "Weye unataka nini?"

"Septemba nitarudi kule, baba."

"Kule kuko nini?"

Asma alifikiri. Aliniambia kwamba alitaka kusema watoto, akataka kusema kazi, na mwisho akasema, "Kuko bantu yangu."

Baba yake akapima kitambaa cha mteja, akakikata, akakikunja. Kisha akaita ndani mke wake atafute sanduku lenye kufuli nzuri zaidi.

Alirudi tarehe mbili Septemba, safari hii na viungo vya pilau kutoka kwa mama yake, na viatu vya mpira vya shambani. Feza amekwenda sekondari Kabambare, anakaa kwa shangazi yake, na kitanda chake kilikuwa wazi, basi Asma yuko kwangu sasa. Karanga anazijua. Anapika kuliko mimi, anapanga nyumba kuliko mimi, na asubuhi ananiamsha nisichelewe. Anakoroma. Hilo hataki kabisa kuambiwa. Anasema ni mbuzi wa jirani. Mimi namwambia kila siku.